Kichwa Kilichonyolewa Nusu

Hadithi ile niliiandika ili watu wachukie vita. Niliisoma mbele ya wenzangu katika ukumbi mdogo wa Iringo: askari wa kulinda amani anafia porini, ng'ambo ya mpaka, akiita ng'ombe wa kwao kwa mluzi. Watu walilia. Nilirudi nyumbani nimejaa fahari.

Lakini kovu la askari yule kwenye nyusi, alilolipata kwa pembe ya ndama, sikulibuni. Wala ule mluzi wa kuitia ng'ombe. Nilivichukua kwa kijana niliyesoma naye Nyamuswa, ambaye alipelekwa huko kweli, na simu yake ilikuwa kimya miezi minne.

Mtu alinirekodi nikisoma mwisho wa hadithi, akaituma sauti, ikazunguka kwenye simu. Ilipomfikia mama yake haikuwa hadithi tena. Ilikuwa sauti anayoijua, ikisema mwenye kovu lile amekufa.

Nilipigiwa simu kwamba mama yake ananyolewa. Nikapanda basi la Bunda, kisha bodaboda. Nilimkuta uani, kwenye mkeka, upande mmoja wa kichwa ngozi tupu. Jirani yake alikuwa ameshika wembe.

Kwetu mama hunyoa nywele akifiwa na mtoto. Akinyoa huku mtoto angali hai, ni kama amemwita kaburini.

"Ni hadithi, mama," nilisema. "Nilitunga."

"Na kovu ulitunga?"

"Hapana."

"Na mimi nitungie basi, mwandishi," jirani alisema. "Nitakufa siku gani? Niwahi kuvuna mtama."

Mama hakumsikia. "Alikuwaga anapiga simu kila Jumapili. Kwa hiyo yuko hai?"

"Sijui, mama."

Alichukua wembe kwa jirani, akaniwekea mkononi. "Basi malizia. Au uniapie kwamba anarudi."

Sikunyoa, wala sikuapa. Kwenye karatasi nilimuua kwa sentensi tatu.

Jua lilihama mkekani, bado nimeshika wembe. Mwishowe mama alijifunga kitenge kichwani.

"Na hiyo hadithi yako uimalizie vingine," alisema. "Hata kama ni uongo."

Nimeiandika upya mara nyingi. Askari anashuka kwenye basi, anapiga mluzi, ng'ombe wanainua vichwa. Kila Jumapili naenda kumsomea mama, simu yake ikiwa katikati yetu, kimya. Anasikiliza hadi mwisho. Kisha anaingiza vidole chini ya kitenge, upande ule, apime nywele zimefika wapi.