Nilikalia siri ya oveni miaka sita, kumbe nilikuwa nimejikalia

Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Hii ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, na kuna mahali inaniaibisha.

Nafanya kazi kwenye bekari moja huku Mamboleo. Miaka sita nilikuwa mtu wa oveni.

Ile oveni ni ya zamani na ina tabia zake. Kushoto inaunguza, nyuma haiivishi. Mimi peke yangu ndiye niliyeimudu, na nilihakikisha inabaki hivyo. Mtu akisogea kuangalia, namtuma unga.

Nilijiona mjanja. Nani angenifukuza?

Basi supavaiza wetu akaacha kazi. Nikaenda kwa mwenye bekari, Mama Shiro, kuomba ile nafasi, kifua mbele.

Akaniangalia. "Otis, nikikutoa kwa oveni, mkate ataoka nani?"

Akanipa miezi miwili nimfundishe mtu wa kushika oveni, ama aajiri supavaiza kutoka nje.

Niliumia, wakuu. Aliyeniziba njia nilikuwa mimi.

Nikamchukua Mama Achi wa packing. Alikuwa anafunga mikate kabla hata sijaajiriwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anataka kitu kingine.

Siku ya kwanza nikaanza kumweleza kwa sauti ya kiprofesa. Akanikatiza: "Baba, hiyo ya kushoto najua. Hizo zimeungua si ni mimi hutoa kando?"

Yaani siri yangu yote alikuwa anaisoma kwa mikate.

Alipoiva, nikachukua leave ya wiki moja, ya kwanza tangu niajiriwe. Nikakaa nyumbani Otonglo na simu mkononi, nikingoja waniite.

Haikulia. Nilifurahi, na roho ikaniuma pia.

Niliporudi nikapewa barua ya usupavaiza. Mama Achi akapewa oveni, pamoja na mshahara wa mtu wa oveni. Siku hizi yeyote anayetaka kupanda, Mama Shiro humuuliza kwanza: umemfundisha nani?

Nilichojifunza ni kwamba nilidhani nalinda kazi, kumbe nilikuwa nimezuia watu wawili.

Juzi nikaona mikate inatoka laini kuliko enzi zangu. Nikamuuliza Mama Achi anafanyaje.

Akacheka. "Kuja nikufundishe."

Nikavaa aproni, nikaenda.

Na nyinyi wakuu, huko kazini mmekalia nini? Ama ni nani amewakalia? Semeni hapa chini, nasoma zote.