Bimu Niliyoigeuza Ipendeze

Mimi ni fundi ujenzi hapa Mwisenge, na sikubaligi kushindwa. Wanajumuiya walikuwa wanakuja kusali kwangu, nikaamua hakuna atakayeruka mtaro ulio mbele ya nyumba. Nikamwaga bimu pana ya zege iwe daraja. Nondo nikazilaza upande wa chini, maana bimu ikibeba mzigo, chini ndiko inakovutika. Mke wangu nilimweleza hayo mpaka akachoka.

Zege lilipokomaa, nikaona upande uliolalia ubao ni laini kuliko wa juu. Nikaigeuza ipendeze.

Wageni walipofika wakasita kuvuka. Nikarukia katikati kuwatoa hofu. Ikakatika, nikatua kwenye tope.

Mke wangu akachungulia. “Baba Bhoke, si ulisemaga nondo zinakaaga chini?”

“Anzeni sala,” nikajibu kutoka mtaroni. “Kesho namwaga nyingine.”