Mtu wa Kuja

Baba mdogo, ambaye babu yake na babu wa baba walikuwa ndugu, alikuwa anafyeka mimea ya masale ya mpaka wetu, huko juu ya Kikatiti. Baba alipomzuia, panga likampasua kiganja mpaka mfupa ukaonekana.

"Nyie ni watu wa kuja!" baba mdogo alifoka. "Babu yenu aliokotwa!"

Nilikuwa nimetoka mjini Ngarenaro, ninakopanga chumba, kuwasalimia wazazi. Nilimrushia jiwe nikamng'oa meno mawili, na sijutii.

Zahanatini, baba akishonwa, nilimuuliza kwa nini hakujibu.

"Ameusikia uvumi wa zamani, kaukosea mlango," akasema. "Babu yake ndiye alikuwa mtoro."

Nikacheka. Mimi mtoro namjua wa shule, yule anayejificha mtoni mpaka kengele ya kutoka. Baba hakucheka.

Akaniambia kwamba huyo mtoro alikuwa mtoto aliyechomoka kwenye msafara wa watumwa uliokuwa ukishushwa pwani, kamba bado shingoni. Mama wa babu yake baba alimficha chini ya nyasi za ng'ombe. Wenye msafara wakaja. Walimchapa mama yule mpaka ngozi ikachanika, hakusema. Wakamchukua mwanawe wa kuzaa, ndugu wa babu huyo, wakampiga kitako cha bunduki kichwani. Hakusema. Walipoondoka alimzika mwanawe, na yule wa kamba akampa jina la marehemu. Tangu hapo ukoo ukamhesabu wao, na siri ikabaki nyumbani kwetu.

Jumapili, baada ya ibada, ukoo ulikaa kikao. Ambaye angeonekana ni wa kuja angenyang'anywa shamba. Baba mdogo alinikuta mlangoni akanitandika kigoda cha uso. Nikakaa kikaoni nikimwaga damu kwenye shati. Nilijua neno moja tu lingemmaliza, yeye na wanawe.

Mzee wa ukoo akamgeukia baba. "Wewe ndiye mkubwa. Tuambie, wa kuja ni nani hapa?"

Baba alimtazama baba mdogo, na watoto wake waliokaa nyuma yake. 

"Ni sisi," akasema.

Niliinuka kupiga kelele. Mama akanivuta chini kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Nilimchukia baba siku ile, nilimchukia kabisa. Wiki iliyofuata tulibeba vyombo tukahamia chumba changu cha kupanga, na baba mdogo akasimama kwenye migomba yetu akitupigia miluzi.