Siku Nilimufisha Papa Paluku mu Noir et Blanc

Hata leo nikipita mbele ya kwa Papa Paluku, hapa Bulengera, nageuza uso upande ingine, juu ile haya haijaisha, na heri nibaambie mi mwenyewe mbele mutu mwengine abaambie na kuongeza chumvi.

Mi ni mupiga photo. Ile siku nilikuwa na furaha kama mutoto wa Noeli, juu muchuuzi moja wa mu ville alinipatia papiers photo, karatasi za kutolea picha, za namna tatu nijaribishe, na mi tangu zamani natafuta yenye inaweza kutoa noir et blanc, picha ya weusi na weupe tupu, ya kweli ku imprimante yangu (batu ya ndoa banaipenda sana siku hizi, mais ku papier mubaya weusi unageuka kijani, bibi harusi anafanana mutu wa malaria). Donc nikatafuta mu ordinateur sura yenye iko na kila kitu, weupe mpaka weusi kabisa, nikapata ya Papa Paluku, jirani yangu, mwalimu retraité mwenye alishaacha kazi: ngozi nyeusi, ndevu nyeupe, koti nyeusi, chemise nyeupe. Nikaifanya kubwa, nikaizungushia mustari mweusi pembeni ili nipime encre, wino ya mashini, vizuri. Ya kwanza ikatoka kijani. Ya pili, violet, zambarau kabisa. Ya tatu, bandugu, ikatoka nyeusi kama makala, na ndevu unaweza kuzihesabu moja moja, nikacheza peke yangu mu studio. Mais ampoule, taa ya ndani, inadanganya macho, ndipo nikazitosha zote inje, nikazifunga ku kamba mbele ya mulango nizione ku jua.

Taximan moja wa pikipiki akasimama, akatosha casque, akaangalia sana, akaniambia pole. Nikafikiri naye anajua mateso ya hizi papiers, nikamujibu ati kweli nimeteseka.

— Imetokea lini?

— Leo asubui, nikasema, meno yote inje.

Akaniangalia vibaya, akawasha pikipiki, akaenda.

Kisha kidogo nikasikia kilio upande wa kwa Papa Paluku, nikakimbia kule, juu ule muzee namupenda sana. Nikakuta bache ya kivuli ishafungwa, viti vinashushwa, banamama banalia chini, na bibi yake, Mama Katungu, banamushikilia huku na huku. Na mi nikalia. Nikauliza dada yake namna gani Papa Paluku alikufa, akanijibu ati ni mi ndiye najua, juu taximan amebaambia photo ya kilio, yenye mustari mweusi, iko kwangu tangu asubui, na ndugu yake alienda Beni na téléphone yake haipiti.

Nikageuka nikimbie kutosha zile photo, wakati pikipiki ikafika, na mwenye kushuka ni Papa Paluku, na mukungu ya ndizi. Akaona bache, akatosha kofia, akauliza polepole nani amemufia. Mama Katungu akainuka, akamushika uso na mikono mbili, kisha akaanza kumupigapiga ku kifua, akilia kupita vile alilia mbele.

Nikasema yote palepale, mbele ya batu: papier, encre, jua, na kila neno lilizidi kuwa la kijinga. Papa Paluku akaomba aone. Nikazileta. Akaangalia ya kijani, akaangalia ya violet, akakawia sana ku ya tatu.

— Huyu ndiye mi, akasema. Bale bawili, ni kweli, balikufa.

Batu bakacheka, na chakula ya kilio ikakuliwa kama ya feti, ya sherehe. Mama Katungu hakucheka. Akaniita pembeni.

— Mwanangu, leo nilikuwa mujane. Na weye ulikuwa unacheka ku mulango yako.

Nikarudi kwangu, nikakata ile kamba.

Ile papier ya tatu nikaichukua, na babibi harusi bangu sasa banatoka bazuri sana. Mais sura ya mutu sitajaribisha nayo tena hata siku moja. Napiga photo ya kitunga ya viazi na maharagi ya Musienene: weusi iko, weupe iko, na nikianika inje, batu banasimama tu kuuliza bei.