Yowe la Kumrudishia Hilari Jina

Jua halijakaza huko Goweko, na Hilari Kasanda amepiga magoti kwenye zizi la jirani, kichwa chini, makalio juu. Fahali ametoweka. Hilari anaona alama ya ukwato, anaifunika kwa sufuria isije ikakanyagwa na hao waliokuja kutoa pole.

"Mwizi ni nani?" anauliza mwenye fahali.

"Mwizi bado hatuna, ndugu yangu. Tuna nyayo."

Hiyo ndiyo kazi yake, kufuata nyayo za mifugo iliyopotea. Malipo ni jogoo, mahindi au ahadi. Ahadi ndizo nyingi.

Babu zake waliifanya tangu enzi za misafara, mzigo ukipotea njiani. Wakati huo neno lilikuwa moja. Aliyeshukiwa ni mwizi, aliyekamatwa ni mwizi, na aliyeachiwa ni mwizi aliyeponyoka. Baadaye wakaja askari kanzu, wakaja wapelelezi, na mahakama nayo ikaja na maneno yake: mshukiwa, mtuhumiwa, mshtakiwa.

Hilari anayapenda hayo. "Kila moja linakupa nafasi ya kujieleza," anasema. "Mimi sikupewa hata moja."

Miaka ya nyuma, nyayo za ng'ombe aliyeibwa ziliishia mlangoni kwake. Kwa desturi, mwenye nyumba hutoka akazipokea na kuziendeleza mbele. Asipotoka, basi ndiye. Siku hiyo Hilari alikuwa kwenye bani, anachochea moto wa kukaushia tumbaku. Alitoka mkewe, Agnetha, lakini nyayo hazipokelewi na mwanamke.

"Wakaniambia, 'Mama, tunataka mwanaume,'" anakumbuka Agnetha. "Nikawajibu, hata mimi namtaka, ila tumbaku imemshika."

Hawakucheka. Likapigwa yowe la mwizi, kijiji kizima kikasikia.

Ng'ombe alipatikana baadaye kwa shemeji wa mwenye ng'ombe, amenenepa. Mwenyewe akamfuata Hilari kimyakimya, akaomba radhi, akaenda zake. Yowe la pili halikupigwa.

Tangu hapo kijijini kuna Hilari wawili: Hilari Fundi, na yeye, Hilari Mwizi. Hata wanaompigia aje kuwatafutia ng'ombe wamemwandika hivyo kwenye simu zao.

Mwezi uliopita washenga walitoka Cheyo kuja kumposa binti yake, Tekla. Wakauliza njia dukani. "Kwa Hilari Mwizi? Nyooka tu, mtaona bani." Walifika, wakasalimia, maji hawakunywa.

"Wamesema watarudi," anasema Tekla, macho chini. "Lini, hawakusema."

Ndipo Hilari akamwendea Mzee Luhende, kamanda wa sungusungu, kumwomba apige yowe la kumrudishia jina kabla mambo ya binti hayajaharibika kabisa.

"Yowe la mtu asiye mwizi mimi sijawahi kulisikia," Luhende alimjibu. "Nikipiga, watu watakuja na marungu."

"Waje nayo, mzee. Wakishafika, waambie."

Luhende alikuna kidevu, akakubali kujaribu Jumapili, watu wakitoka kanisani. Agnetha ameshaagiza habari hiyo ifikishwe Cheyo, washenga waje wasikie kwa masikio yao.

Hilari anaingoja siku hiyo, ila furaha haijamkaa vizuri.

"Mama yangu alizikwa akiitwa mama wa mwizi," anasema. "Tekla atalisikia hilo yowe. Mama je?"