Susu Hafungiwi Nyumbani

Kila nikisikia kayamba likitikiswa, hata kama ni kwenye redio ya saluni huku nimesukwa nusu kichwa, miguu yangu hutaka kusimama. Ni ugonjwa niliopewa na Susu. Ndivyo nilivyomwita nyanya yangu, mama yake mama, aliyetoka Kitui akaja kukaa nasi Waithaka alipoanza kusahau.

Na alisahau, nyie! Aliloweka maharagwe kwenye ndoo ya nguo. Mimi, Mwende, aliniita kwa majina ya dada zake wote, nami niliitika yote, kwa sababu kila jina lilikuja na kipande cha andazi alichoficha ndani ya leso. Lakini nyimbo za kanisa hakusahau hata moja. Shida ni kwamba hazikungoja zamu.

Jumapili moja, katikati ya mahubiri, Susu alisimama, akatikisa kayamba lake na kuanzisha wimbo. Watu wakachekea viganjani. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alitufuata hadi langoni.

"Mama Mwende," akamwambia mama kwa upole, "huyu mama si angepumzika tu nyumbani? Anajiaibisha. Sisi tutamwombea."

Mama alikuwa fundi wa kushona sare za shule pale Riruta, mtu wa maneno machache. "Mwombeeni akiwa hapa hapa," akasema.

Jioni Mjomba naye akaja na yake. "Mfungie mlango, dada. Ni masaa mawili tu."

"Wanaofungiwa ni kuku," mama akamjibu.

Jumapili iliyofuata alimfunga Susu kitambaa cheupe kinachonukia naftalini, akatupeleka kiti cha mbele kabisa. Nilijua kitakachotokea. Kweli, mahubiri hayajafika popote, kayamba hilo! Kwetu mtu akianzisha wimbo huitikiwa, ndio desturi. Siku hiyo kanisa zima lilinyamaza, macho kwa yule mzee, na Susu akaimba peke yake huku sauti ikianza kupotea.

Mama akasimama. Sasa, mama hakujua kuimba. Sauti yake ilikuwa ya lango lenye kutu, na alijua hivyo. Akaitikia kwa nguvu zake zote, akaniinua kwa kola. Tukawa watatu. Kisha kina mama wa nyuma wakaitikia, mchungaji akafunga Biblia akapiga makofi, na mwishowe hata mzee akaitikia, kanuna vilevile. Susu akageuka akatutazama kama mwenye nyumba anayepokea wageni.

Kiti kile kilikuwa chake mpaka alipofariki.

Utotoni nilidhani mama aliimba kwa furaha. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba ilikuwa hasira tupu.

Siku hizi mama mwenyewe huniuliza swali lile lile kabla chai haijapoa, na Mjomba ameanza tena habari zake za mlango. Athubutu! Mimi pia sijui kuimba.