Kilo za Mume, Miaka ya Mke

Mmenisumbua vya kutosha. Nyinyi vijana wa machimboni, wenye simu za kuandikia na vidole laini, mnanijia mimi niliyejifunzia kusoma kwenye makopo ya oili, mnasema, "Bibi, tuandikie habari za Njiti tuziweke kwenye kitabu cha kilabu chetu cha pikipiki." Kwa nini msimuulize mwenyewe? Mnamwogopa. Haya, naandika, lakini naandika nitakavyo mimi, na atakayenisahihisha hata neno moja asije tena kuniamkia.

Njiti ni mke wa mwanangu. Alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kama njiti ya kiberiti, na mwili wake ukaona hapo panatosha. Kazi yake ni kushona viti vya pikipiki. Kibanda chake cha mabati kiko nyuma ya gereji, na ukiingia unamkuta ana sindano nene kama msumari na vumbi la sponji mpaka kwenye kope. Jumapili anafunga, anakwenda machimboni, pale walipochimba kokoto wakatuachia mashimo na mlima wa changarawe, anapanda pikipiki ya mchezo. Si hizi za kubebea abiria. Ile ndefu miguu, kiti chembamba kama ubao, injini ya mipigo miwili, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili na kulia kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Yake injini ilikuwa ya sisi mia na ishirini na tano. Ndogo, lakini aliikamua kama mtu anayekamua nguo ya mwisho mvua ikinyesha, na wanaume wenye mia mbili na hamsini zao walikuwa wakiuona mgongo wake tu.

Mwanangu anapaka rangi magari. Jitu la mtu, kifua kama kabati. Watu walikuwa wakimpitia pale kazini. "Kaka, siku mkeo akikukimbia utamfuata na nini?" Mwingine anajibu, "Atamfuata kwa brashi." Wanacheka, na yeye anacheka nao, lakini jino lake silijui? Mimi ndiye niliyelinyonyesha likiota. Alikuwa anaiva ndani kwa ndani.

Kumkataza hakuthubutu, watu wangesema ana wivu. Alitaka mke aache mwenyewe, atamke kwa kinywa chake kwamba yamemshinda. Basi akafikiria zawadi.

Siku aliyokwenda kuinunua nilikuwepo. Nilikuwa nauza oili kwa kipimo kwenye mlango wa Fundi Sikio, tunayemwita hivyo kwa sababu husikiliza injini kwa kuweka bisibisi sikioni kama daktari. Mwanangu akaingia akisukuma ile ndogo ya mkewe, akasema anataka kuibadilisha na kubwa.

Fundi hakuuliza rangi wala fedha. Akauliza, "Mpandaji ana kilo ngapi?"

Kwa sababu ndivyo inavyochaguliwa, nyinyi mnaochagua kwa macho. Mtu mwepesi juu ya injini kubwa ni nguo juu ya kamba. Mtu mzito juu ya ndogo ni dhambi kwa chuma.

Mwanangu akajibu, "Tisini na ushee."

Hizo kilo ni zake. Mkewe hata hamsini hafikishi akiwa amelowana.

"Amepanda hizi za mipigo miwili kwa muda gani?" fundi akauliza.

"Miaka sita."

Hiyo miaka ni ya mkewe. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kupanda hizi hata dakika moja.

Fundi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mtu mzito, mzoefu: mia mbili na hamsini, tena ile kali. Akamchagulia vizuri kabisa mtu ambaye hayupo duniani.

Nikasema pale mlangoni, "Mwanangu, huyo mpandaji unayemtaja ni nani?"

Akanigeukia mbele ya fundi na wateja. "Mama, uza oili."

Basi nikauza oili. Mimi sisemi mara mbili. Aliyeninyamazisha, nimenyamaza.

Jumapili ile aliileta machimboni imefungwa utepe, watu wamejaa. Akapaza sauti: "Mke wangu anastahili kubwa!" Watu wakashangilia. Sasa hapo Njiti angesemaje? Kukataa zawadi ya mume mbele ya watu ni kumvua nguo. Akaitazama, akatazama huku na huku akiitafuta ile yake.

"Ile ndogo iko wapi?"

"Ya kitoto ile, nimeibadilisha. Ila tukubaliane, mke wangu. Siku utakayosema hii imekushinda, tunaiuza, na machimboni hukanyagi tena. Wote hawa mashahidi."

Hapo ndipo nilipoona shingo yake ikisimama. Alishaelewa. Akasema, "Sawa," akavaa helmeti.

Alipanda kwa kusimama juu ya jiwe, maana miguu haikufika chini. Kuiwasha tu, kiki ilimrusha mara tatu kama teke la punda. Alipofika katikati ya mlima, gurudumu likapiga jiwe, akaweka mguu chini, chini hakuna. Pikipiki ikamlalia. Bomba la moshi likamkaa kwenye muundi, na harufu tukaisikia mpaka tuliokaa mbali.

Mnajua watu walifanya nini? Walicheka. Baadhi yenu mlikuwepo, msijifiche. "Njiti imewaka!" mmoja akapiga kelele. "Imewaka upande mmoja!"

Wakamtoa chini yake. Mwanangu akainama juu yake, sura ya huruma, sauti tamu kama ya mganga anayeomba kuku. "Mke wangu, kama imekushinda, sema tu. Hakuna aibu."

Njiti akatazama muundi wake, ngozi imebaki kwenye bomba. Hakulia. Akasema taratibu, "Haijanishinda, ila sijaijua. Wewe ndiye uliyeichagua. Nionyeshe inavyopandwa."

Halafu watu wale wale, maana watu hawana mwenyewe, wakageuka. "Ndiyo, kaka, muonyeshe!" "Au hata brashi imekushinda?"

Angeweza kusema hajui. Neno fupi tu. Lakini yeye alikuwa ameshataja kilo na miaka, na kwa kichwa chake alikuwa ndiye yule mtu aliyemwambia fundi. Akapanda.

Pikipiki za abiria alikuwa anaziendesha vizuri. Hizo ukivuta mafuta kidogo zinakupa kidogo. Za mipigo miwili hazina tabia hiyo. Chini zinalala, unavuta, zinakohoa, unadhani hazina kitu, halafu zinaamka zote kwa pamoja. Na ikiamka ukiogopa, mkono unashika kwa nguvu, na kule kushika ndiko kuvuta. Dawa ni kuachia. Mtoto wa machimboni anaijua hiyo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Njiti alikuwa amekaa juu ya jiwe, futi chache tu, maji yanamwagwa kwenye mguu wake. Mumewe akamtazama, akasubiri. Nami nikamtazama. Ule ndio wakati wa kusema "ukiogopa achia."

Akasema, "Nenda tu, mume wangu."

Akaenda. Ikakohoa. Akatugeukia akicheka, "Hii nayo?" Akavuta zaidi. Ikaamka. Gurudumu la mbele likapanda angani, yeye akaikumbatia kama mkopo, na kadiri alivyoikumbatia ndivyo ilivyomchukua. "Shemeji, achia! Achia!" watu wakapiga kelele. Hakuachia. Ikampeleka mpaka kwenye rundo la mawe makubwa, ikammwaga huko.

Nilicheka. Ndiyo, mama yake mzazi. Niliacha nilipoona mguu umeelekea kwake na yeye ameelekea kwake.

Mguu ulipona mfupi. Kupaka rangi mtu lazima achuchumae, na yeye hachuchumai tena, kwa hiyo nikampa kigoda changu cha mlangoni, anauza oili. Ile kubwa iliyopinda Njiti aliirudisha kwa Fundi Sikio, akakuta ndogo yake bado ipo, imejaa vumbi. Hakuna aliyeitaka, naye akaichukua. Kila anayeingia anataka kubwa.

Na mnajua nani anamchanganyia oili yake kila Jumapili? Mume. Njiti ndiye aliyempa kazi hiyo, mbele ya watu, kama alivyopewa zawadi. Oili ikipungua, pistoni inanata, gurudumu linagoma katikati ya mwendo, na mpandaji anatangulia pikipiki. Alimkabidhi chupa akasema, "Ikinata, hapatakuwa na haja ya kuulizana ni mkono wa nani." Tangu siku hiyo naona anavyopima. Anainua chupa kwenye mwanga, anapima, anapima tena, jasho linamtoka, na mkewe amesimama juu yake akivaa glavu.

Nimemaliza, vidole vimekakamaa. Sasa na nyinyi mnilipe. Kila anayetaka pikipiki aje mlangoni kwa Fundi Sikio, ataje kilo zake na miaka yake, zake mwenyewe, kwa sauti watu wasikie. Atakuwepo mwanangu kwenye kigoda, na atawaambia kubwa ndiyo yenye heshima, hajaacha. Akianza tu, mwambieni, "Kaka, uza oili." Semeni mama yako ndiye aliyetutuma.